Ngoro za Wamatengo

Milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, ina miteremko ambayo mkulima wa tambarare angewaachia mbuzi. Wamatengo wameilima miaka nenda miaka rudi, tangu vita vya Wangoni vya karne ya 19 vilipowasukuma kubanana huko juu. Kwa mvua inayopita milimita 1,000 kwa mwaka, udongo wote ungekuwa umeshaporomoka mabondeni. Kilichouzuia ni ngoro.

Mwezi wa tatu, mvua zikielekea kwisha, wanaume hufyeka nyasi. Zikishakauka huzilaza kwa mistari ya kukingamana, mteremko mzima ukawa miraba yenye upana wa kama mita moja na nusu. Kazi iliyobaki ni ya wanawake. Mama huingia katikati ya mraba na jembe, akachimba udongo na kuzifukia nyasi pande zote nne. Palipochimbwa pamekuwa shimo, penye nyasi pamekuwa tuta: hiyo ndiyo ngoro. Maharage hupandwa juu ya tuta, nyasi zikiozea chini yake kuwa mbolea. Mvua kubwa ikishuka, maji hutuama shimoni na tope likabaki humo humo. Mwisho wa mwaka ni zamu ya mahindi kwenye matuta yale yale, na magugu ya palizi hutupwa shimoni yaoze.

Wakoloni waliyaona haya. Mwaka 1938 A. H. Pike aliandika habari za ngoro katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Lakini serikali hiyo hiyo ya kikoloni ikaja kuwashurutisha Waluguru, wakulima wa milima ya Uluguru, kuchimba matuta ya ngazi, hadi ghasia zikazuka mwaka 1955. Inauma kwamba ujuzi wa wenyeji ulisomwa, ila wenyeji hawakuulizwa.

Ngoro zilikuwa na mwenzao, sengu. Wanaume wa ukoo walikula pamoja kwa mzee, kila mke akileta chakula alichopika, na hapo hapo migogoro ikaamuliwa na vijana wakafunzwa. Kijijini Kindimba jina hilo limerudi: wanakijiji waliojenga mashine ya kusaga inayoendeshwa na maji waliiita kamati yao Sengu.

Hata hivyo, waliopika chakula cha sengu ya zamani hawakuketi kwenye shauri. Mpaka leo wao ndio wachimbaji wa ngoro, wapandaji na wapalizi, ilhali kahawa, zao la fedha, huhesabiwa kuwa ya mume. Anayetaka ngoro zidumu aanze na mgawanyo wa fedha hizo.