Krimu Ina Nini Ndani? Vipimo Vinavyofichua Sumu ya Mukorogo



Ukishuka kwenye kituo cha mabasi cha Kimironko, wilayani Gasabo, jijini Kigali, hatua chache tu unaingia sokoni. Kuna ndizi na maharage, kuna vitenge na mafundi cherehani, kuna viatu, na kuna wauza vipodozi. Wakazi wengi wa kambi wanaosafiri hadi Kigali kwa matibabu au biashara ndogo ndogo hupitia masoko kama hilo kabla ya kurudi. Wengine hununua bidhaa za kuja kuuza kambini.

Sasa fikiria mikebe miwili ya krimu iliyo mbele yako. Rangi ni moja, harufu ni moja, bei inakaribiana. Mmoja ni mafuta ya kawaida ya kulainisha ngozi. Mwingine una zebaki, sumu inayoharibu figo. Je, utaujua upi ni upi? Kwa macho, hapana. Kwa pua, hapana. Mara nyingi hata muuzaji hajui. Maandishi ya kwenye mkebe nayo yanaweza kudanganya.

Kuna vipimo vinavyoweza kujua. Makala hii inaeleza jinsi vinavyofanya kazi, mahali vinaposhindwa, na unachoweza kufanya wewe usiye na kipimo mkononi. Hatuandiki ili kumcheka mtu yeyote anayetumia mukorogo, mwanamke au mwanaume. Tunaandika ili ujue unachopaka.

MUKOROGO UNA NINI?

Mukorogo ni jina la krimu, sabuni, losheni na michanganyiko inayotumiwa kung'arisha ngozi. Vitu vitatu vya hatari hupatikana humo mara kwa mara:

1. Zebaki. Huzuia ngozi kutengeneza rangi yake ya asili, inayoitwa melanini. Ngozi hiyo ndiyo mlango wake wa kuingilia mwilini. Zebaki hufika kwenye figo na neva. Mjamzito anaweza kumpitishia mtoto aliye tumboni.

2. Haidrokwinoni. Hii nayo huzuia rangi ya ngozi. Ikitumika kwa muda mrefu, inaweza kuleta kinyume cha kilichotafutwa: mabaka meusi yenye rangi ya buluu usoni, ambayo ni magumu sana kuondoa.

3. Steroidi kali, kama klobetasoli na betamethasoni. Hizi ni dawa halali za magonjwa fulani ya ngozi, zikiandikwa na daktari kwa muda maalumu. Zikipakwa kila siku mwili mzima, ngozi huwa nyembamba na kupasuka michirizi, vidonda huchelewa kupona, na sukari na shinikizo la damu vinaweza kupanda.

MAMBO HAYA YALIGUNDULIKAJE?

Afrika Mashariki ina historia yake katika jambo hili. Mwaka 1972, madaktari wa Nairobi walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 60 watu wazima waliokuwa wamevimba mwili kwa sababu figo zao zilivujisha protini kwenye mkojo. Walipowauliza kuhusu maisha yao, zaidi ya nusu walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Mkojo ulipopimwa, zebaki ilionekana. Baadhi ya walioacha krimu hizo walipata nafuu.

Baadaye, watafiti kutoka Japani, akiwemo Dkt. Masazumi Harada aliyejulikana kwa kazi yake juu ya sumu ya zebaki huko Minamata, walipima nywele za wakazi wa eneo la Ziwa Victoria, Tanzania na Kenya. Kazi hizo zilichapishwa mwaka 1999 na 2001. Kulikuwa na sababu ya kushuku samaki, na pia machimbo ya dhahabu, ambako zebaki hutumika. Lakini kipimo kilitoa habari nyingine. Zebaki inayotoka kwa samaki ina umbo tofauti na ile inayowekwa kwenye sabuni. Baadhi ya watu walikuwa na zebaki nyingi sana kwenye nywele, lakini ile ya samaki ilikuwa kidogo. Chanzo kilikuwa sabuni ya kung'arisha ngozi.

Hapo unaona faida ya kipimo kizuri. Bila kutofautisha aina mbili za zebaki, watu wangeambiwa waache samaki, chakula chao bora, huku sabuni ikibaki bafuni.

KIFAA CHA MKONONI: SEKUNDE CHACHE TU

Zamani, kupima zebaki kwenye krimu kulihitaji kupeleka sampuli maabara, kuiyeyusha kwa asidi na kusubiri. Leo kuna kifaa kinachoshikwa mkononi, chenye umbo kama la mashine ya kutobolea ukuta. Hutumia miale ya eksirei.

Kinafanyaje kazi? Mkaguzi huweka krimu kidogo kwenye kikombe na kukielekezea kifaa. Miale ya eksirei hugonga vitu vilivyomo. Kila elementi ikigongwa hurudisha miale yenye nguvu yake yenyewe, kama vile kila kengele ina mlio wake. Ukiwa na ng'ombe kumi wenye kengele tofauti, unaweza kukaa nyumbani na kujua yupi anapita. Kifaa nacho "husikia" mlio wa zebaki, wa risasi au wa arseniki, na kuonyesha kiasi kwenye kioo. Kwa kawaida haichukui zaidi ya dakika chache.

Vifaa vya namna hii vilitumiwa na mashirika yanayofuatilia zebaki duniani. Katika ripoti ya mwaka 2019, krimu 158 zilizonunuliwa katika nchi 12 zilipimwa. Zaidi ya nusu ya krimu hizo zilizidi kiwango cha sehemu 1 kwa milioni. Zilizokuwa na zebaki zilianzia sehemu 40 kwa milioni hadi zaidi ya 130,000.

Sehemu 1 kwa milioni ni kiasi gani? Chukua magunia 20 ya unga, kila moja kilo 50. Changanya humo gramu 1 tu ya kitu. Hiyo ndiyo sehemu 1 kwa milioni. Na sehemu 130,000 kwa milioni? Hiyo ni gramu 13 za zebaki ndani ya mkebe wa gramu 100.

KIFAA HICHO KINASHINDWA WAPI?

Jambo hili ni muhimu, kwa hiyo lisome taratibu. Kifaa cha eksirei hakiwezi kuona haidrokwinoni wala kutambua steroidi. Sababu ni kwamba vitu hivyo vimeundwa hasa kwa kaboni, haidrojeni na oksijeni, sawa na mafuta ya krimu yenyewe. Hapo kengele zote zinalia sawa.

Kwa hiyo, mtu akikuambia, "Krimu hii imepimwa, haina zebaki," usidhani ni salama. Bado hujui kama ina zile nyingine mbili.

Kuzipata hizo, maabara hutenganisha vitu vilivyomo kwenye krimu. Sampuli iliyoyeyushwa husukumwa ndani ya bomba jembamba lililojaa chembe ndogo ndogo. Ni kama watu wanaopita soko la Kimironko siku ya Jumamosi. Asiye na jamaa sokoni hupita moja kwa moja na kutokea upande wa pili haraka. Mwenye jamaa wengi husimama kila meza kusalimiana, naye hutoka mwisho. Vivyo hivyo, kila kemikali hutoka kwenye bomba kwa muda wake, na mtaalamu hulinganisha muda huo na wa haidrokwinoni halisi anayoijua.

Kuna njia rahisi zaidi ya aina hiyo. Tone la sampuli huwekwa kwenye bamba maalumu, na ncha ya bamba huchovywa kwenye kimiminika. Kimiminika hupanda na kuvuta kemikali, kila moja hadi kimo chake, kama wino wa kalamu unavyosambaa kwenye karatasi iliyolowa.

KUPIMA MWILI, SI KRIMU PEKE YAKE

Kama umetumia krimu yenye zebaki, mkojo wako unaweza kueleza. Maabara hugeuza zebaki iliyo kwenye mkojo kuwa mvuke, kisha hupitisha mwanga wa taa maalumu katikati ya mvuke huo. Zebaki hunyonya mwanga huo. Mwanga unavyopungua upande wa pili, ndivyo zebaki ilivyo nyingi.

Kipimo hiki kimefundisha jambo ambalo familia nyingi hazilijui. Mwaka 2010, huko Marekani, wachunguzi wa afya walipima familia zilizokuwa na krimu zenye zebaki. Walikuta zebaki hata kwa watu wa nyumbani ambao hawakupaka krimu hiyo kabisa. Zebaki husambaa kwa mikono, taulo na mashuka, na mvuke wake huvutwa kwa pumzi. Katika chumba kimoja ambamo mama, baba na watoto hulala pamoja, krimu ya mtu mmoja ni ya wote.

VIPIMO VIPYA VINAVYOKUJA

Watafiti wanajaribu kutengeneza vipimo vya bei nafuu. Njia moja hutumia chembe za dhahabu, ndogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuziona. Zikielea kwenye maji, maji huwa mekundu. Zikikusanyika pamoja, maji hugeuka buluu. Chembe hizo huandaliwa ili zikutane na zebaki zikusanyike, na kamera ya simu inaweza kusoma mabadiliko ya rangi.

Ni kazi nzuri, lakini usisubiri uipate sokoni kesho. Krimu ina mafuta mengi yanayovuruga kipimo, na lazima iandaliwe kwanza. Mtu akikuuzia "kipimo cha mukorogo" mtaani, kuwa na shaka.

SHERIA INASEMAJE?

Rwanda inakataza vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Mwezi Novemba 2018, Rais Paul Kagame aliitaka wizara ya afya na polisi walishughulikie jambo hili haraka, na ukaguzi wa maduka na masoko ukaongezeka. Mamlaka ya chakula na dawa ya Rwanda, Rwanda FDA, ndiyo inayosimamia vipodozi.

Kimataifa, Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki ulianza kutumika mwaka 2017. Mwanzoni ulilenga vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu 1 kwa milioni. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuondoa kiwango hicho, ili kipodozi chochote kilichoongezwa zebaki kisiruhusiwe baada ya mwaka 2025.

Kama unauza vipodozi kambini, jua kwamba bidhaa hizo zinaweza kuchukuliwa, nawe ukapoteza mtaji.

WEWE USIYE NA KIPIMO, FANYA HIVI

Kabla ya kununua:

- Usinunue krimu isiyo na orodha ya viungo, jina la mtengenezaji au tarehe.
- Soma orodha. Ukiona "mercury", "mercurio", "calomel" au herufi Hg, hiyo ni zebaki. Ukiona "hydroquinone", "clobetasol" au "betamethasone", irudishe mezani. Kama huwezi kusoma, mwombe mtu akusomee.
- Ukiona onyo kwamba krimu isiguse dhahabu, fedha, aluminiamu au vito vya mwilini, shuku zebaki.
- Usinunue krimu iliyochanganywa na kupakiwa upya kwenye kopo lisilo na maandishi.

Kama tayari unatumia:

- Acha kupaka, na uende kituo cha afya. Kama umepaka krimu yenye steroidi kwa miezi mingi, usikawie kumwona mhudumu, kwa sababu mwili unaweza kusumbuka unapoacha ghafla na unahitaji kuangaliwa.
- Mwambie mhudumu ukweli: ulipaka nini, kwa muda gani, mara ngapi kwa siku. Hili ni muhimu zaidi ukiwa mjamzito, unanyonyesha au unasubiri upasuaji.
- Peleka mkebe wenyewe, umefungwa vizuri ndani ya mfuko wa plastiki. Mkebe unamsaidia mhudumu kujua la kutafuta.
- Usiuchome moto, usiutupe chooni wala karibu na maji. Zebaki haiozi.
- Osha mikono, na fua taulo na mashuka. Weka watoto mbali na krimu hiyo.

Nenda kituo cha afya haraka ukiona uso au miguu imevimba, mkojo una povu jingi, mikono inatetemeka, ganzi, kukosa usingizi, au huzuni na hasira zisizo na sababu. Dalili hizi zinaweza kuwa za magonjwa mengine pia, kwa hiyo mhudumu atakuchunguza na, ikibidi, atakupa rufaa ya hospitali.

KUMBUKA

- Zebaki haionekani kwa macho wala haijulikani kwa harufu.
- "Haina zebaki" haimaanishi "ni salama".
- Krimu ya mmoja inaweza kudhuru nyumba nzima.
- Figo zilizoanza kuumizwa na zebaki zinaweza kupata nafuu ukiacha mapema.

Msomee jirani yako makala hii, hasa mjamzito na yule anayeuza vipodozi. Ukiwa na swali, muulize mhudumu wa afya ya jamii wa eneo lako.