Vyombo vya Kufyekea Pori na Kutandaza Majani: Shauri kwa Atakaye Kuanza Kazi Hiyo Ngara na Biharamulo



Wahenga walinena, "Mchagua jembe si mkulima." Neno hilo lilimkemea mvivu alaumuye jembe huku jua linapanda. Lakini mtu akusudiaye kufyeka pori na kutandaza majani katika mashamba ya wengine kwa ujira, huyo hana budi kuchagua. Kwani akikosea kununua, chombo kitalala pembeni na deni litabaki nyumbani. Basi shauri la karatasi hii ni moja: ipime kazi kwanza, ndipo ununue chombo.

1. Kazi yenyewe

Katika vilima vya Ngara, migomba na mibuni hupata taabu kila mwaka tangu Juni hata Agosti, mvua zinapokatika. Shamba lililotandazwa majani hushika unyevu, magugu hupungua, na mvua kubwa haiuchukui udongo kuupeleka Ruvuvu na Kagera. Majani yenyewe yakioza huwa mbolea.

Wengi wafyekao pori hulitia moto. Fikiri vema: yule aliyelipwa kufyeka, kisha akayachoma majani, ameuteketeza ujira wa pili. Mwenye shamba jipya atakulipa umfyekee. Mwenye migomba atakulipa umletee majani. Mtu mwenye busara hupata yote mawili, akiisha kupatana na mwenye pori kwamba majani ni yake.

Upande wa Biharamulo, penye vichaka na miti mingi, ni afadhali kuyatandaza majani katika shamba lile lile, kati ya mistari ya mahindi au mihogo. Huko angalia mchwa, usirundike majani kwenye mashina.

2. Pima kubeba kabla ya kukata

Hapa ndipo wengi wakosapo. Hununua vyombo vingi vya kukatia, kumbe kazi kubwa ni kubeba. Pima mwenyewe hivi. Chukua kipande cha mita 10 kwa mita 10. Kitandaze majani makavu unene wa sentimita 10, ukihesabu mizigo ya kichwani. Eka moja ina vipande kama hivyo 40. Tuseme ulitumia mizigo 12; basi eka yataka mizigo 480. Ikiwa pori liko mbali hata mtu aweza kwenda na kurudi mara 12 tu kwa siku, hiyo ni kazi ya siku 40 kwa mtu mmoja, na bado hujahesabu kukata.

Kwa hiyo fedha ya kwanza itie katika kubebea. Kwa njia nyembamba za mlimani, baiskeli imara ya kusukumwa, yenye kamba madhubuti, hufaa kuliko mkokoteni, kwani mkokoteni wenye mzigo ukiteremka waweza kumshinda msukumaji. Penye njia pana na tambarare mkokoteni ni mzuri. Toroli hufaa ndani ya shamba tu. Guta la injini lisinunuliwe mwaka wa kwanza. Likodi kwa siku, uone kama kazi yaweza kulilipa.

3. Vyombo vya mkono

Watu wanne waweza kuanza na hivi: mafyekeo mawili kwa majani laini, panga mbili kwa vichaka, shoka moja na sururu moja kwa visiki, uma mmoja wa meno manne wa kutandazia, tupa mbili na kinoo. Ule muhoro wenye ncha iliyopinda, ambao jirani zetu wa Rwanda na Burundi nao wautumia, usiudharau. Hukata kichaka chini kabisa bila kugonga mawe sana.

Dukani, lipinde panga kidogo kwa mikono. Likirudi kunyoka ni zuri, likibaki limepinda liache. Tazama misumari ya mpini kama imekaza. Wala usisahau tupa: panga butu humchosha mtu kabla ya saa sita, na mchovu ndiye ajikataye mguu.

4. Mashine

Mashine ya petroli ya kufyekea, ivaliwayo begani, hukata majani mengi kwa muda mfupi. Lakini ujue mambo haya. Uzi wa nailoni ni wa majani laini tu. Kichaka chataka kisu cha chuma. Nyingi za mashine hizi hutumia petroli iliyochanganywa na oili kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu chake. Ukitia petroli tupu utaiua injini. Tena katika vilima vyetu vyenye mawe hurusha mawe kwa nguvu: mfyekaji avae miwani ya kazi na viatu vigumu, na watu wengine wakae mbali mita 15.

Mashine ya kukatakata mabua na matawi hufaa penye miti. Lakini majani yaliyokatwa vipande vidogo huoza upesi. Kwa migomba majani marefu hudumu zaidi. Katika nchi kama Marekani kuna matrekta yenye ngoma ya meno ya chuma, yasagayo kichaka kizima kikiwa kimesimama. Ni kazi ya ajabu, lakini trekta la namna hiyo lataka mafuta mengi, fundi wake, na mashamba makubwa yasiyo na mteremko mkali. Kwa mashine yoyote jiulize: ikiharibika, nani karibu nami ataitengeneza, na vipuli vyake viko duka gani? Ukikosa jibu, usinunue.

5. Chombo kisichukue ugonjwa

Soma sehemu hii mara mbili. Mnyauko bakteria wa migomba ulionekana Kagera mwaka 2006. Majani ya mgomba hugeuka manjano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati wake, na shina likikatwa hutoa utomvu wa manjano. Ugonjwa huu huenea kwa wadudu wazuruo maua, na kwa panga la mtu. Wewe uendaye shamba hadi shamba waweza kuimaliza migomba ya kijiji kizima bila kujua, na chakula cha watu kikaenda pamoja nayo.

Kwa hiyo, kila utokapo shamba moja kwenda jingine, osha vyombo, kisha vipitishe motoni hata visishikike kwa mkono. Au vitie katika jiki kikombe kimoja kwa maji vikombe vitano. Usichukue majani ya mgomba kutoka shamba moja kutandaza katika jingine. Tumia nyasi za porini, zilizokatwa kabla hazijatoa mbegu. Na utandazapo, acha nafasi ya sentimita 30 hadi 60 kuzunguka shina, ili fukuzi wasijifiche hapo.

6. Mahali pasipofyekwa

Mafunjo ya mabondeni huvutia macho, lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli ziwezazo kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Hifadhi na misitu ya Serikali usiiguse. Kabla ya kutumia msumeno wa injini, ulizia kibali katika ofisi ya misitu.

Tena kumbuka mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili watu robo milioni hivi walivuka daraja la Rusumo wakikimbia Rwanda, kwa muda upatao siku moja, wakatua Benaco. Walihitaji kuni, na miti ya kandokando ikakatwa kwa wingi. Watu wale walikuwa katika dhiki; sisi hatuna udhuru huo. Penye mteremko, acha ukanda wa majani na miti bila kufyekwa.

7. Daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika kila siku: watu wangapi, mizigo mingapi, petroli kiasi gani, malipo gani. Anza na vyombo vya mkono na njia ya kubebea. Misimu miwili ikiisha, daftari litakuonyesha kazi inakwama wapi: ikiwa ni kukata, nunua mashine, ikiwa ni kubeba, ongeza baiskeli. Wala usikope kwa sababu jirani amekopa.

Ukiwa na shaka juu ya mgomba wowote, usiukate. Mwite Bwana Shamba wako kwanza.