Kamera isitunyang'anye usukani

Alasiri moja mwaka wa 2011, nilipokuwa nikikusanya data ya tasnifu yangu ya uzamifu, niliketi na ajuza mmoja chini ya mwembe katika mtaa wa Amalemba, mjini Kakamega. Nilimwita Kukhu, kama tuwaitavyo nyanya zetu katika sehemu hizi, naye akaniita mjukuu wake ingawa hatukuwa na udugu wa damu. Alikuwa amekubali kunisimulia ngano za mazimwi kwa Lwisukha, lugha yake ya kwanza. Nilikuwa na kamera ya dijitali niliyoazima, iliyoundwa hasa kwa picha za mnato lakini yenye uwezo wa kunasa video pia. Nilibonyeza kitufe, taa nyekundu ikawaka, nami nikatulia kusikiliza.

Usiku huo nilipoitazama kazi yangu, nilikufa moyo. Kila wingu lilipopita na jua kutokeza, uso wa Kukhu ulizama gizani huku anga nyuma yake ikimetameta. Alipoinua mkono kuonyesha kimo cha zimwi, kamera iliuacha uso na kuufuata mkono, kisha ikahangaika mbele na nyuma kama mtu aliyepotelewa na mtoto sokoni. Alipoishusha sauti hadi mnong'ono, pale penye siri ya hadithi, mashine iliupandisha mnong'ono ule, na upepo na honi za pikipiki zikapanda nao. Aliponguruma kwa sauti ya zimwi, mashine ikamshusha.

Nilidhani ningerudi siku nyingine. Kabla sijarudi, Kukhu alifariki.

Nilichobaki nacho ni ushahidi ambao mwanaisimu mwaminifu hawezi kuutegemea. Mtu asiyemjua akiisikiliza video ile atasema kuwa msimulizi huyu hakutofautisha mnong'ono na ngurumo. Atakuwa amemsingizia marehemu, na shahidi wa uongo atakuwa ni kamera.

Huenda msomaji akauliza: kosa lilikuwa la nani? Nakiri sehemu yangu. Sikuifanyia kamera majaribio kabla ya siku ile. Lakini hata ningeyafanya, nisingepata pa kushika. Kamera ile, katika picha za mnato, iliniachia niamue kila jambo: upana wa tundu la lenzi, muda wa kupokea mwanga, wepesi wa kuuhisi mwanga huo, na mahali pa kulenga. Mara tu nilipoigeuza kuwa ya video, ilinishusha kwenye kiti cha dereva na kuniketisha nyuma kama abiria.

Mashine hizi hazina nia mbaya, ila zina mazoea. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hakijui kama kinatazama uso wa mtu, ukuta au anga. Hudhani kwamba kila mandhari, yakichanganywa pamoja, hutoa rangi ya kijivu cha wastani; basi hupunguza au huongeza mwanga ili kuifikia kijivu hiyo. Uso mweusi ukiwa mbele ya anga jeupe, hesabu hiyo hulipendelea anga. Wala si mara ya kwanza kwa ufundi wa picha kututazama kwa jicho la mwingine. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ilisambaza kadi za kusawazishia rangi, maarufu kwa jina la Shirley, zilizokuwa na picha ya mwanamke Mzungu. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha ngozi zote.

Hali kadhalika sauti. Kamera iliyoachiwa kujiamulia hupandisha sauti ndogo na kushusha sauti kubwa, ili zote zilingane. Kwa mzazi anayerekodi sherehe ya mtoto wake, hilo ni jambo la manufaa. Kwa mtu anayehifadhi ngoma, ni hasara. Chukulia isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo mwaka wa 2014 UNESCO iliiingiza katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Ngoma zake huchezwa tatu kwa pamoja, kubwa, ya wastani na ndogo, zikisindikizwa na pembe na njuga, huku mwimbaji mmoja akiongoza na wengine wakimwitikia. Kamera inayojiamulia ikisikia pigo la ngoma kubwa hushusha sauti zote kwa pamoja, na neno la mwimbaji humezwa papo hapo. Na neno hilo ndilo tulilotumwa kulihifadhi.

Je, ni vigumu kwa watengenezaji kuturudishia usukani? Historia yajibu. Mnamo Agosti 2008 Nikon ilitangaza D90, kamera ya kwanza miongoni mwa zile zenye kioo ndani na lenzi ya kubadilishwa kuweza kunasa video. Mwezi uliofuata Canon ilitangaza EOS 5D Mark II, iliyonasa video ya ubora wa juu zaidi. Wapigapicha duniani walishangilia, kisha wakanung'unika, kwa maana katika video kamera hiyo ilijiamulia kiasi cha mwanga. Walilalamika hadharani kwa miezi kadhaa. Mnamo Juni 2009 Canon ilitoa programu mpya ya ndani ya kamera, na mtumiaji akapata kuweka tundu la lenzi, muda na wepesi kwa mkono wake. Mnamo Machi 2010 programu nyingine ikamwezesha kupanga kiwango cha sauti mwenyewe, na kunasa picha 25 kwa kila sekunde.

Tuzingatie jambo hili. Hakuna parafujo iliyofunguliwa wala kipuri kilichoongezwa. Uwezo ulikuwa ndani ya kamera tangu siku ya kwanza. Kilichokosekana ni idhini. Tena kabla ya idhini ya sauti kutolewa, Trammell Hudson alikwisha kuanzisha mwaka wa 2009 programu iitwayo Magic Lantern, iliyowawezesha wenye kamera hiyo kuizuia isijipandishie sauti. Ama kweli, mtoto akililia wembe mpe. Lakini hapa mlilia wembe alikuwa kinyozi.

Hayo ya picha 25 si mapambo. Umeme wetu nchini Kenya hubadilika mara 50 kwa sekunde, ilhali wa Marekani ni mara 60. Chini ya taa za mirija katika madarasa yetu, muda usioafikiana na umeme huo huleta mistari ya giza inayopanda na kushuka juu ya video. Mwalimu anayerekodi somo hudhani kamera imeharibika, kumbe ingetosha kuweka sehemu moja ya 50 ya sekunde, au moja ya 100, na mistari ikatoweka. Ingetosha, iwapo kamera ingemruhusu.

Wapo watakaosema kwamba kilio hiki kimepitwa na wakati. Kamera nyingi za bei ya juu siku hizi zinatoa uhuru huo, na hata simu zinaweza kuwekewa programu za kuupata. Ni kweli, nami nashukuru. Lakini vifaa vinavyofika katika shule nyingi na mikononi mwa wanafunzi wa vyuo si vya bei ya juu. Ni kamera ndogo za mitumba na simu za bei nafuu, ambazo mara nyingi bado hujiamulia kila kitu. Uhuru wa kuamua picha iweje haufai kuwa anasa ya mwenye pesa.

Wengine watasema kwamba kamera inayojiamulia humfaa asiyejua. Sikatai. Siombi uwezo huo uondolewe. Naomba pawe na mlango wa pili. Kamusi humsaidia mwanafunzi, lakini hakuna kamusi inayomfungia mwandishi asitunge sentensi yake mwenyewe.

Hata hivyo, mlango ukifunguliwa na tusijue kuutumia, lawama itatuhamia sisi. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, unataka mwanafunzi awe na ujuzi wa kidijitali, na tamasha zetu za kitaifa za drama zina nafasi ya filamu. Ni wanafunzi wangapi wanaoweza kueleza, kwa Kiswahili sanifu, kwa nini uso umeingia giza? Tumewafundisha kubonyeza, hatujawafundisha kuamua.

Kwa hivyo, mwalimu mwenzangu, utakapowatuma wanafunzi wako wakawarekodi wazee, waagize mambo machache yasiyohitaji fedha. Mzee asiketishwe mbele ya anga wala dirisha. Mwanga umwangukie usoni. Katika simu nyingi, ukiugusa uso kwenye kioo na kukishikilia kidole kwa muda, kiasi cha mwanga na mahali pa kulenga hufungwa visibadilike. Sauti inaswe na kifaa cha pili kilichowekwa karibu na mdomo, nacho kiwe ni cha aina ambayo kiwango chake hupangwa kwa mkono. Warekodi dakika moja ya majaribio, waitazame na kuisikiliza, ndipo mzee aanze. Na wasiseme watarudi kesho.

Kwa watengenezaji, ombi langu ni fupi. Mlipofungua mlango mwaka wa 2009, mlifanya hivyo kwa sababu watu walisema. Nasi pia tunasema, kutoka Amalemba, ambako mvua ya alasiri na jua hupokezana angani, na ambako wapo wazee ambao hadithi zao hazijaandikwa popote.

Bado nimeihifadhi video ya Kukhu. Mara mojamoja huisikiliza, na nifikapo pale penye mnong'ono huipunguza sauti kwa mkono wangu, nikijaribu kuirudisha mahali alipoiweka yeye. Lakini upepo na honi navyo hupungua pamoja naye, na maneno matatu ya mwisho sijayasikia mpaka leo.