Kurunzi zilizotafutana juu ya mpaka

Kwenye mpaka wa Marekani na Mexico, kurunzi kubwa inajulikana kwa kazi ya kumsaka anayevuka gizani. Novemba 2019, kati ya mji wa El Paso na jirani yake Ciudad Juárez, kurunzi za namna hiyo zilikabidhiwa wapita njia.

Kazi hiyo ya sanaa iliitwa Border Tuner. Aliyeibuni ni Rafael Lozano-Hemmer, msanii mzaliwa wa Jiji la Mexico. Aliweka vituo sita, vitatu kila upande, na katika kila kituo kulikuwa na kipaza sauti, spika na gurudumu. Ukilizungusha, kurunzi tatu zilizo karibu zinageuka kufuata mkono wako, nawe unapapasa anga kama atafutaye stesheni ya redio. Mwanga wako ukikutana na wa mtu wa kituo kingine, sauti zinafunguka papo hapo na mnaongea. Mnapoongea, mwanga unang'aa na kufifia kulingana na sauti zenu, hata aliye mbali sana akitazama juu anajua kuna watu wanazungumza.

Miezi mitatu tu kabla, tarehe 3 Agosti, mtu mwenye bunduki aliingia dukani El Paso akawaua watu 23, kwa chuki dhidi ya wenye asili ya Kilatini. Katika mji uliokuwa bado na msiba, kumwita usiyemjua kwa sauti, mbele za watu, halikuwa jambo dogo.

Siku hizi miji mingi inanunua taa zinazochezewa na watu: unakanyaga, zinabadilika rangi, unapiga picha, unakwenda zako. Sizibezi, watoto wanazipenda. Lakini zinakujibu wewe peke yako. Hata Lozano-Hemmer mwenyewe alianzia karibu na hapo. Mwaka 1999, kuupokea mwaka 2000, aliweka kurunzi 18 kuzunguka uwanja wa Zócalo, Jiji la Mexico, na watu wa nchi mbalimbali wakazipanga angani kupitia intaneti. Ulikuwa uzuri wa ajabu, ila kila mmoja alipanga mchoro wake, ukawaka kwa zamu yake.

Border Tuner ilikataa upweke huo. Ungezungusha gurudumu hadi mkono uchoke. Bila mtu wa pili hakuna sauti. Wala haikudai kuwa ndiyo iliyowakutanisha watu wa miji hiyo. Wao huvuka madaraja kila siku kwenda kazini, shuleni na kwa bibi zao, na kazi hii iliyaweka mazungumzo yao juu, mahali ambapo doria na wanasiasa wangeyaona pia.

Tena vituo vya upande mmoja viliweza kuunganishwa vilevile. Aliyesema "haloo" akiwa El Paso angeweza kujibiwa na mtu wa Juárez, au na mwenzake wa El Paso ambaye hawajawahi kusalimiana.