Ujira wa Mgeni Usilale Nyumbani Mwetu

Akina mama wapendwa, makanisani mwetu hatukosi moyo wa kutoa. Likitangazwa hitaji la wakimbizi, vitenge, sufuria na sabuni huletwa kwa wingi. Hilo ni jema, na tuendelee nalo. Lakini Mungu hakuagiza tumpe mgeni sadaka tu. Aliagiza pia tumpe haki yake.

Mkoa wetu wa Kigoma umepokea wageni kwa miaka mingi. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya waliokimbia vita Kongo. Mwaka 2015, machafuko yalipozuka Burundi, maelfu walivuka mpaka, na kambi ya Nduta huko Kibondo ikafunguliwa tena. Wengine huvuka msimu wa kilimo tu, wakitafuta kibarua. Kiha na Kirundi vinakaribiana, basi tunaelewana nao. Hutulimia mihogo na maharage, hutuchotea maji, hutulelea watoto.

Shida huja siku ya malipo. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi awe na kibali ndipo atoke kambini. Asiye nacho huogopa kushitaki. Hapo ndipo wengine hupata mwanya: mgeni akishamaliza shamba, anatishiwa kuitiwa watu wa uhamiaji.

Zahanatini tuliwahi kumpokea mama aliyetendewa hivyo. Alilima wiki mbili, mtoto mgongoni, akafukuzwa bila senti. Mtoto alishikwa na surua, naye akakaa naye ndani siku nne kwa hofu ya kukamatwa. Tunamshukuru Mungu, mtoto alipona. Lakini surua haiulizi uraia. Mtoto wa mgeni akifichwa bila chanjo, na wa mwenyeji yumo hatarini.

Biblia inasemaje?

Katika Kumbukumbu la Torati 24:14-15, Mungu anakataza kumwonea kibarua maskini, awe ndugu au mgeni. Alipwe siku ile ile, kabla jua halijatua, kwa maana ndicho anachotegemea. Akimlilia Bwana, ni dhambi kwa aliyemnyima. Ruthu naye alikuwa Mmoabi, mjane, mgeni Bethlehemu. Boazi hakumwachia masuke tu. Aliwaonya vijana wake wasimguse, akamruhusu kunywa maji yao. Katika uzao wa mwanamke huyo alizaliwa mfalme Daudi.

Pengine mwenzetu atasema, "Lakini huyu hana kibali." Jambo la kibali lina wahusika wake serikalini. Kazi iliyokwisha kufanyika ni deni, na deni hilo liko mlangoni petu. Haifai kuifanya sheria ya nchi kuwa fimbo ya kumnyang'anya maskini jasho lake.

Tufanye nini?

Kwanza, kabla ya kumpa mtu kazi, tufuate utaratibu wa sheria, kisha tupatane ujira mbele ya shahidi. Uwe ule ule tunaomlipa jirani.

Pili, tulipe kazi inapokwisha. Chakula cha mchana na nguo kuukuu visihesabiwe kuwa malipo kama hatukupatana hivyo.

Tatu, msichana anayetusaidia nyumbani alale mahali salama, apumzike, na fedha zake azipokee mwenyewe.

Nne, tukimwona mama mgeni mwenye mtoto mchanga, tumsindikize kliniki. Chanjo ya surua hutolewa bure akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18.

Tano, tuzungumze na waume zetu. Mara nyingi baba ndiye anayeshika fedha za shamba. Kwa upole, jioni, tumwulize: "Baba, wale vibarua umekwisha kuwalipa?"

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Watoto wetu wanatutazama. Wakiona tunamlipa mgeni kabla hatujala chakula cha usiku, watakuwa wamejifunza Neno la Mungu hata kabla ya kulisoma. Bwana atupe mikono safi. Amina.