Fahamu: Meli ikipatwa na dhoruba, nani huitika?
Bidhaa nyingi kwenye rafu za maduka ya Hurlingham, Nairobi, zimepitia Bandari ya Mombasa. Mabaharia wanaozileta wakipatwa na dhoruba, wito wao hupokelewa na kituo cha kuratibu uokoaji kilichofunguliwa Mombasa mwaka 2006, chini ya Mamlaka ya Masuala ya Baharini ya Kenya (KMA).

Kituo huziomba meli zilizo karibu zisaidie. Ndiyo, hata za mizigo: sheria ya kimataifa humlazimu nahodha kuokoa watu, mradi asihatarishe chombo chake.

KMA pia hukagua meli na kutoa vyeti vya mabaharia. Mwaka 2014 Kenya iliridhia mkataba wa kazi za mabaharia: mshahara kila mwezi, matibabu, na nauli ya kurudi kwao, inayolipwa na mwenye meli.