Tozo ya Ufundi Stadi: Nani Hulipa na Nani Hunufaika

Na Mwandishi Wetu, Iringa

Kila mwezi waajiri wa Tanzania Bara huwasilisha kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) Tozo ya Kuendeleza Ufundi Stadi, inayojulikana zaidi kwa kifupi chake cha SDL. Tozo hiyo ni miongoni mwa vyanzo vikuu vya fedha za mafunzo ya ufundi nchini. Hata hivyo, wapo wananchi wanaodhani kuwa hukatwa kwenye mshahara wa mfanyakazi, na wapo wanaoamini kuwa mafunzo yanayogharamiwa nayo ni ya watu wa mijini pekee. Dhana zote mbili si sahihi, na ya pili huwanyima vijana wengi fursa iliyo haki yao.

Msingi wa tozo hii ni Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi ya mwaka 1994, ambayo pia ilianzisha Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA). Mlipaji ni mwajiri, naye hulipa juu ya jumla ya mishahara na malipo mengine anayowapa wafanyakazi wake. Haruhusiwi kuikata kwenye ujira wao. Malipo hufanyika ndani ya siku saba baada ya mwezi kumalizika, sambamba na kodi ya mishahara.

Kiwango cha tozo kimekuwa kikipunguzwa ili kumpa mwajiri nafuu. Kilishuka kutoka asilimia 6 hadi 5 mwaka 2013, kikawa asilimia 4.5 mwaka 2016, baadaye asilimia 4, na kuanzia Julai 2023 kikawa asilimia 3.5. Vilevile, tangu Julai 2021 tozo inamhusu mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi, badala ya wanne kama ilivyokuwa awali.

Mfano ufuatao unaonesha hesabu yake. Kiwanda cha kupasua mbao chenye wafanyakazi 12, kila mmoja akilipwa shilingi 400,000, kina mishahara ya jumla ya shilingi 4,800,000 kwa mwezi. Asilimia 3.5 ya kiasi hicho ni shilingi 168,000. Kwa mgawanyo uliowekwa kisheria wa theluthi moja kwa mafunzo ya ufundi stadi, shilingi 56,000 huelekezwa huko. Theluthi mbili zinazobaki, yaani shilingi 112,000, huingia Serikalini, ambako fedha za tozo zimekuwa zikichangia mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu.

Sheria imewasamehe baadhi ya waajiri. Miongoni mwao ni idara za Serikali, serikali za mitaa na taasisi za elimu zilizosajiliwa. Mwenye shamba naye halipi tozo kwa wafanyakazi wanaolima moja kwa moja, ingawa msamaha huo hauwahusu watumishi wa utawala wala wa usindikaji. Mwaka 2021 msamaha uliongezwa kwa hospitali zinazomilikiwa na taasisi za dini, ili zipate nafuu inayolingana na ile ya hospitali za umma.

Tosamaganga, katika Halmashauri ya Wilaya ya Iringa, ni mahali panapodhihirisha maana ya misamaha hiyo. Misheni ya hapo ilianzishwa na Wabenedikto mwishoni mwa karne ya 19, kisha Wakonsolata wakaipokea baada ya kuwasili mwaka 1919. Leo waajiri wanaoonekana zaidi ni hospitali inayomilikiwa na Jimbo Katoliki la Iringa, chuo cha afya na shule. Nje ya taasisi hizo, wananchi wengi ni wakulima, na mafundi hufanya kazi wenyewe au na wasaidizi wachache. Karibu makundi yote hayo yamo ndani ya misamaha au yapo chini ya idadi ya wafanyakazi 10.

Kwa hiyo, kama mafunzo yangegawiwa kwa kufuata mahali tozo inapokusanywa, eneo kama hili lingeambulia kidogo sana. Sheria haikujengwa hivyo. Mchango wa kiwanda cha Dar es Salaam huingia katika mfuko mmoja wa taifa, na kijana wa Tosamaganga ana haki ya kunufaika nao sawa na kijana wa Temeke. Jambo linaloamua ni mipango: kujua vijana wapo wapi, wana ujuzi gani na soko linahitaji nini.

Katika mipango hiyo, Mkakati wa Taifa wa Kukuza Ujuzi wa mwaka 2016/17 hadi 2026/27 umezipa kipaumbele sekta sita: kilimo, utalii, uchukuzi, ujenzi, nishati na TEHAMA. Kwa Iringa, yenye mashamba, misitu ya Sao Hill na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, sekta kadhaa kati ya hizo zipo mlangoni. Mwananchi anaweza kuzifikia kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni kozi za muda mrefu katika vyuo vya VETA. Ada ambayo VETA imekuwa ikitoza katika vyuo vyake ni shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na shilingi 120,000 kwa wa bweni. Ni dhahiri kwamba kiasi hicho hakitoshi kununua mbao, vyuma na zana anazotumia mwanafunzi mmoja; pengo hilo huzibwa na fedha za umma, ikiwemo tozo. Masomo kwa kawaida huanza Januari, na maombi hutangazwa miezi ya mwisho ya mwaka unaotangulia.

Njia ya pili ni uanagenzi chini ya Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi inayoratibiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu. Kijana hujifunza chuoni na mahali pa kazi, na gharama za mafunzo hulipwa na Serikali. Nafasi hutolewa kwa matangazo.

Njia ya tatu ni urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Inawafaa mafundi waliojifunza kwa kutazama na kutenda, kama maseremala, waashi, mafundi magari na wapishi. Mtathmini wa VETA humpima fundi kwa kazi anayoifanya, humwelekeza anapopungukiwa, kisha anayefaulu hupewa cheti. Fundi aliyejenga nyumba nyingi kijijini anaweza kukataliwa kazi katika mradi mkubwa kwa kukosa karatasi hiyo tu.

Baada ya mafunzo huja suala la mtaji. Sheria inaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Wahitimu walioungana katika kikundi kilichosajiliwa wanaweza kuomba.

Nafasi za programu hizi hupangwa kwa kutumia takwimu na maombi yaliyopokelewa. Fundi asiyefahamika katika ofisi yoyote hawezi kuhesabiwa katika mpango wowote. Mwananchi anashauriwa kujitambulisha kwa Mtendaji wa Kijiji na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yake, kufuatilia matangazo ya VETA na ya Ofisi ya Waziri Mkuu, na kuandaa mapema cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa na vyeti vya shule alivyonavyo. Aliyeishia darasa la saba asikate tamaa, kwani urasimishaji hutazama zaidi kazi ya mikono yake.